Mwongozo na Sherehe: Thamani ya Vitabu vya Kujiandalia Mitihani ya Fasihi ya Kiswahili

Katika maduka ya vitabu ya Nairobi na Mombasa, Dar es Salaam na Mwanza, mbali na rafu ya riwaya, tamthilia na diwani, huwapo rafu ya pili ya vitabu vyembamba zaidi, ambavyo kila kimoja kimeandikwa juu ya kitabu kilichomo katika rafu ya kwanza. Nchini Kenya vitabu hivi huitwa miongozo. Nchini Tanzania mara nyingi huitwa vitabu vya uhakiki. Mnunuzi wake ni mwanafunzi wa shule ya sekondari anayejiandaa kwa mtihani wa fasihi ya Kiswahili, au mzazi wake, na ahadi wanayopewa ni moja: kwamba atakayesoma kitabu hiki kidogo atakuwa amekijua kile kikubwa.

Juu ya vitabu hivi pana maneno mengi, na mengi ya maneno hayo ni ya namna mbili tu. Wako wanaovilaani, wakisema kwamba vimewafanya wanafunzi wavivu; na wako wanaovisifu, wakisema kwamba bila ya vitabu hivyo mtoto wa maskini hawezi kushindana na mtoto wa tajiri mwenye mwalimu wa ziada. Kila upande una kweli yake. Lakini ni nadra kumwona mtu aliyeuchukua mwongozo wenyewe, akausoma kama maandishi yanavyosomwa, na kuuliza kama ni kazi njema au mbaya ya uhakiki. Yafaa kufanya hivyo, kwa kuwa mwongozo ni uhakiki, apende mwandishi wake au asipende. Tena, kwa watu wengi waliopitia shule katika nchi hizi mbili, ndio uhakiki wa pekee wa fasihi ya Kiswahili watakaousoma maishani mwao. Majarida ya vyuo vikuu huwafikia wachache. Mwongozo huingia katika kila bweni. Basi watu wanavyodhani kwamba riwaya ni nini, na kwamba shairi husomwa kwa ajili gani, wamefunzwa kwa sehemu kubwa na rafu ile ya pili.

Biashara hii haikubuniwa Afrika ya Mashariki. Nchini Marekani, mwaka 1958, Clifton Hillegass alianza kuuza vijitabu vilivyoitwa CliffsNotes kwa kuchapisha maelezo juu ya tamthilia 16 za Shakespeare, naye mwenyewe akawaonya wanunuzi kwamba maelezo hayo hayawezi kushika mahali pa kazi yenyewe. Onyo kama hilo huonekana pia katika dibaji za miongozo mingi ya Kiswahili. Walakini kitabu hakihukumiwi kwa dibaji yake; huhukumiwa kwa kazi kinayomfanyia msomaji, na kwa kazi kinayomzuia asiifanye.

Ili kuielewa kazi hiyo, hapana budi kuutazama kwanza mtihani unaouzaa mwongozo. Nchini Kenya somo la Kiswahili lilifanywa la lazima kwa wanafunzi wote chini ya mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985, na mtihani wa kumalizia sekondari wa mfumo huo, yaani KCSE, ukafanywa kwa mara ya kwanza mwaka 1989. Karatasi ya tatu ya somo hilo imekuwa karatasi ya fasihi, yenye alama 80 kwa maswali manne ya alama 20 kila moja, na maswali hayo hutoka katika riwaya, tamthilia, hadithi fupi, ushairi na fasihi simulizi. Nchini Tanzania, Baraza la Mitihani lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1973 limekuwa likichapa ndani ya karatasi ya kidato cha nne orodha ya vitabu ambavyo mtahiniwa aweza kuvitumia, na kwa miaka mingi orodha hiyo imebeba majina yale yale tisa: Wasakatonge, Malenga Wapya na Mashairi ya Chekacheka kwa ushairi, Takadini, Joka la Mdimu na Watoto wa Mama N'tilie kwa riwaya, Orodha, Ngoswe na Kilio Chetu kwa tamthilia. Orodha isiyobadilika upesi ni neema kwa mchapaji wa miongozo, kwa maana kazi aliyoifanya mara moja humlisha miaka mingi.

Mwongozo wa kawaida una umbo linalojulikana. Huanza na maisha ya mwandishi, kisha hufuata muhtasari, halafu dhamira, migogoro, ujumbe, falsafa na msimamo. Baada ya hayo huja muundo, mtindo, wahusika, mandhari na tamathali za usemi. Mwisho huwa ni maswali pamoja na majibu yake. Kila sehemu yafaa kupimwa peke yake, kwa kuwa faida na hasara hazikugawanyika sawasawa.

Ama kuhusu muhtasari, wengi huudhania kuwa sehemu isiyo na madhara. Hadithi imefupishwa tu. Mwanafunzi aliyesahau hukumbushwa. Lakini muhtasari hufanya jambo moja zaidi ya kufupisha: huinyosha hadithi. Chukua mfano wa Chozi la Heri, riwaya ya Assumpta K. Matei iliyotahiniwa nchini Kenya. Riwaya hiyo yaanza baada ya msiba. Msomaji humkuta Ridhaa amesimama juu ya magofu ya nyumba yake, na sababu za magofu hayo humfikia kidogo kidogo, kwa kumbukumbu, kama zinavyomjia mtu aliyefikwa na janga ambaye akili yake haikubali bado. Mwandishi wa muhtasari, kwa nia njema ya kumsaidia mwanafunzi, aweza kuyapanga mambo kwa taratibu ya wakati: kwanza amani, kisha uchaguzi, kisha fujo, kisha magofu. Mwanafunzi ameijua hadithi, lakini hakuonja kule kutojua ambako mwandishi alimwandalia. Kisha, kurasa chache mbele, mwongozo huo huo humwambia kwamba miongoni mwa mbinu za riwaya hii ni mbinu rejeshi. Naam, ni kweli. Lakini mbinu ambayo muhtasari umekwisha iondoa, mwanafunzi ataikariri kama jina tu. Amepewa jina la chakula baada ya kunyang'anywa sahani.

Sehemu ya maudhui ndiyo yenye hasara kubwa zaidi, na hasara yenyewe haionekani kwa kukitazama kitabu kimoja. Huonekana kwa kuviweka vitatu au vinne pamoja. Hapo hugunduliwa kwamba kazi zisizofanana hata kidogo zimekatwa kwa mkasi mmoja: kila moja ina dhamira ya mapenzi, ya nafasi ya mwanamke, ya mila potofu, ya umaskini na ya uongozi mbaya. Haya yote yaweza kuwamo kweli. Lakini likiwamo neno moja katika kazi zote, neno hilo halielezi tena kazi yo yote.

Itazamwe tamthilia ya Ngoswe ya Edwin Semzaba. Karani wa sensa anatumwa kijijini kuhesabu watu. Anampenda Mazoea, binti wa Mitomingi, na mwisho wa mambo hayo ni kwamba makaratasi ya sensa yanateketea. Mwongozo utaandika: dhamira ya kwanza, mapenzi; ya pili, uzembe kazini; ya tatu, nafasi ya mwanamke. Hakuna kosa. Lakini mwanafunzi aliyeisoma tamthilia yenyewe, hata kama hajui istilahi moja, aweza kuona jambo ambalo jedwali halina mahali pa kuliweka: kwamba mtu aliyetumwa kuwahesabu watu wote alipotezwa na mtu mmoja, na kwamba serikali ilitaka idadi ya watu wa kijiji kile, lakini kijiji chenyewe kilitaka kwanza kumjua huyu mgeni anayeuliza idadi. Uchekeshaji na uchungu wa mchezo huu vyote viwili vinatoka hapo. Mtoto wa miaka kumi na saba aweza kuyaona hayo kwa macho yake mwenyewe, mradi asiwe ameambiwa kabla ya kusoma kwamba dhamira ni tatu.

Kadhalika Takadini, hadithi ya Ben J. Hanson yenye majina na desturi za Washona. Sekai, aliyengoja mtoto miaka mingi, anazaa mtoto zeru, na desturi ya watu wake ni kwamba mtoto kama huyo asiishi. Anakimbia naye. Mwongozo huiweka hadithi hii chini ya kichwa cha mila potofu, na kuipa alama zake. Lakini anayewapokea mama na mtoto katika kijiji kingine ni Chivero, mzee na mganga, mtu wa mila kabisa. Basi ikiwa mila ndiyo inayoua na tena mila ndiyo inayohifadhi, swali la riwaya si kwamba mila ni mbaya. Swali ni nini kinachomfanya mwenye mila mmoja afunge mlango na mwingine aufungue. Swali hili ni gumu, na huenda halina jibu moja. Kwa sababu hiyo hasa halimo katika jedwali.

Jedwali hili limetoka wapi? Yafaa kulijibu swali hili kwa haki, maana asili yake haikuwa ya kudharauliwa. Katika miaka ya 1970 na 1980, baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, wahakiki wa Dar es Salaam walitaka kuutoa uhakiki wa Kiswahili katika hali ya kusifu na kulaumu tu. T.S.Y. Sengo na S.D. Kiango katika Hisi Zetu (1973), na F.E.M.K. Senkoro katika Fasihi (1982), ni miongoni mwa waliowafunza wasomaji kuitenga fani na maudhui kwa ajili ya kuona namna zinavyohusiana, na kuuliza: kazi hii yasema nini, kwa nani, na kwa faida ya nani? Katika wakati wao maswali hayo yalikuwa silaha. Mwanafunzi aliyeyachukua na kuyaelekeza kwenye kitabu alilazimika kufikiri, kwa kuwa hakuna aliyemjibia.

Mwongozo wa kibiashara uliyarithi maswali hayo na kuyageuza kuwa majibu. Hapa ndipo penye kiini cha jambo zima. Migogoro, msimamo, falsafa, kufaulu na kutofaulu kwa mwandishi: kila moja ya haya lilikuwa swali kabla ya kuwa kichwa cha habari. Likiisha jazwa na kuchapwa, huwa ni bidhaa, na bidhaa haina budi kufanana na bidhaa nyingine ili mnunuzi aitambue. Jedwali lilizidi kuwa moja kwa sababu soko lilitaka moja.

Katika sehemu ya tamathali za usemi, wataalamu wa lugha wana la kulalamikia wao wenyewe. Mwongozo usio mwangalifu humfundisha mwanafunzi kutafuta alama badala ya maana. Akiona neno kama, huandika tashbihi. Lakini katika sentensi "Alisimama kama mlingoti" mna tashbihi; katika "Aliuliza kama wageni wamefika" neno hilo ni kiunganishi cha swali; na katika "Walikuja watu kama mia" ni kadirio tu. Mwanafunzi aliyezoea kuwinda neno huweza kuzihesabu zote tatu. Hata pale anapopatia, mara nyingi huishia katika kutaja: ukurasa huu pana takriri, ule pana tashihisi. Kwamba takriri ile inamfanya mhusika asikike kama mtu anayejishawishi mwenyewe, au kwamba tashihisi ile inaipa bahari hasira ambayo wavuvi hawathubutu kuionyesha, halisemwi. Huku ni kuorodhesha fanicha za nyumba pasipo kusema ni nani anayeishi humo.

Mfano mmoja waonyesha hatari hii kwa namna iliyo karibu na kejeli. Katika Kidagaa Kimemwozea ya marehemu Ken Walibora, iliyochapishwa mwaka 2012 na kuwa kitabu teule nchini Kenya, kijana Amani ameandika mswada, nao ukachapishwa kwa jina la Mwalimu Majisifu, ambaye alisifiwa kwa kazi isiyokuwa yake. Na mswada wenyewe ulikuwa na jina lile lile la riwaya. Basi riwaya hii, pamoja na mengine mengi, ni riwaya juu ya mtu anayejivika maneno ya mwenziwe. Mwanafunzi aliyekariri kutoka kwa mwongozo aya nzima ya kumlaani Majisifu, kisha akaiandika katika chumba cha mtihani kana kwamba ni fikira yake, ametenda kwa udogo lile lile analolilaani. Mtahini atampa alama. Riwaya haikumfikia.

Walakini si haki kumtwika mwandishi wa mwongozo lawama yote, kwa sababu mwongozo ni kivuli cha mtihani, na kivuli hakiwezi kunyooka ikiwa mti umepinda. Katika karatasi ya Kenya, swali lililozoeleka humpa mtahiniwa maneno ya mhusika na kumtaka aeleze muktadha wake kwa alama 4: ni nani asemaye, anamwambia nani, wapi, na kwa sababu gani. Swali hili ni zuri kwa aliyesoma, lakini pia ni jepesi kwa aliyekariri orodha ya madondoo. Kisha hufuata swali la kuthibitisha kauli fulani kwa hoja nyingi, kila hoja na alama yake. Katika karatasi ya Tanzania, mtahiniwa huelekezwa mara nyingi kutoa hoja tatu kwa kila kitabu katika vitabu viwili. Mtahini anayehesabu hoja atapata mwanafunzi anayehesabu hoja, na mchapaji atamwuzia mwanafunzi huyo hoja zilizokwisha hesabiwa. Fikira moja iliyofuatwa hadi mwisho wake haipati malipo makubwa kuliko fikira sita zilizotajwa na kuachwa njiani.

Inaonekana wazi zaidi pale ambapo mtihani unakataa kukaririka. Shairi linalotolewa katika karatasi ya KCSE kwa kawaida halitoki katika kitabu kilichoteuliwa. Mtahiniwa hulikuta siku ile ile, na huombwa kueleza umbo lake, nafsineni yake, na kuugeuza ubeti mmoja kuwa lugha ya nathari. Hapo mwongozo hauna la kumfaa ila maelezo ya jumla ya vina, mizani na bahari. Anayefaulu ni yule aliyesoma mashairi mengi kwa sauti hadi masikio yake yakazoea. Swali la namna hii lathibitisha kwamba mtihani ukipenda waweza kumlipa msomaji badala ya mkariri. Kenya imekuwa ikieneza mtaala wa umilisi mashuleni tangu mwaka 2019, na kipimo cha kweli cha mtaala huo, kwa upande wa fasihi, kitakuwa hiki: je, maswali yake yatauzika pamoja na majibu, au hayatauzika?

Baada ya kusema haya yote, lapasa kusemwa la upande wa pili, tena bila ya kupunguza. Si kila mnunuzi wa mwongozo ni mvivu. Wako watahiniwa wa kujitegemea wasiokuwa na mwalimu wala darasa, wanaosoma usiku baada ya kazi. Ziko shule ambazo nakala chache za riwaya hupokezanwa na darasa zima, na mwanafunzi hukaa nayo siku mbili kabla ya kuipisha. Wako pia walimu wenye vipindi vingi mno kuweza kukaa na kila kitabu. Kwa watu hawa mwongozo ni mwalimu aliyekosekana, na mwenye njaa hakemewi kwa kula makombo.

Iko tena haja nyingine ya haki, nayo ni haja ya lugha. Mwanafunzi wa bara ambaye Kiswahili chake ni cha shuleni na sokoni hukutana katika vitabu teule na msamiati ambao hakuusikia kamwe. Said Ahmed Mohamed, mwandishi wa Utengano (1980), ni mzaliwa wa Pemba, na Kiswahili chake kina utajiri wa visiwa. Washairi wa Mombasa huandika kwa Kimvita. Mtu anayekwama kila mstari hawezi kufikiri juu ya ukurasa. Huyu anahitaji msaada wa kweli, na swali ni kama mwongozo unampa msaada huo. Kwa bahati mbaya, mara nyingi sehemu ya msamiati ndiyo fupi kuliko zote, au imewekwa bila ya namba za kurasa, au humpa maana ya kwanza ya kamusi ambayo siyo maana ya mahali pale. Yaani mwongozo humfanyia mwanafunzi kile anachoweza kukifanya mwenyewe, na humwachia kile asichoweza.

Kiswahili kina neno la kale kwa msaada unaohitajika hapa. Neno hilo ni sherehe. Siku hizi wengi hulijua kwa maana ya shangwe tu, lakini linayo maana ya pili, iliyotoka katika neno la Kiarabu sharh, ambayo ni ufafanuzi wa maneno magumu ya kitabu. Wasomaji wa diwani za pwani wanazijua sherehe zilizowekwa mwishoni mwa kitabu au chini ya ukurasa. William Hichens alipoitoa Al-Inkishafi mjini London mwaka 1939, alikaa na msomaji wake juu ya maneno na maana zake. Na Shihabuddin Chiraghdin, alipoihariri diwani ya Malenga wa Mvita ya Ahmad Nassir iliyotoka mwaka 1971, alifanya kazi ya mtu anayefungua mlango na kusimama pembeni.

Tofauti ya sherehe na mwongozo ni ndogo kwa kuitazama, lakini ni kubwa kwa matokeo yake. Sherehe haina maana bila ya kitabu. Aliyeishika peke yake ameshika orodha ya maneno tu. Mwongozo waweza kusomwa bila ya kitabu, na wengi husomwa hivyo. Sherehe humrudisha msomaji kwenye mstari alioukwama. Mwongozo humtoa kwenye mstari na kumpeleka kwenye muhtasari. Sherehe hujibu swali la neno na kuliacha swali la maana. Mwongozo hufanya kinyume chake.

Kutokana na hayo, jibu kwa mzazi anayeuliza kama fedha yake itumike kwa vitabu hivi laweza kutolewa kwa taratibu. La kwanza anunue kitabu chenyewe, kiwe mali ya mtoto, aandike kando ya kurasa zake. Kwa kuwa mwenye kitabu cha kuazima husoma kwa haraka ya kurudisha. La pili anunue kamusi. Kamusi ya Kiswahili Sanifu iliyotoka kwanza mwaka 1981 imepata matoleo mapya mara baada ya mara, na nakala moja humfaa mtu tangu sekondari hadi uzeeni, ilhali mwongozo hufa siku kitabu teule kinapobadilishwa. La tatu atafute karatasi za mitihani iliyopita pamoja na taarifa za mabaraza yenyewe. Baraza la Mitihani la Tanzania hutoa taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, zenye vielelezo vya majibu mazuri na mabaya yaliyoandikwa na watahiniwa wenyewe, nazo zapatikana bila malipo. Mwanafunzi anayelinganisha majibu mawili kama hayo na kuuliza kwa nini moja limezidi lingine, anajifunza jambo ambalo majibu yaliyotungwa na mchapaji hayawezi kumfunza.

Baada ya vitu hivi vitatu, mwongozo waweza kununuliwa, lakini kwa kuchagua. Mnunuzi na aufungue dukani, atazame mambo matatu. Je, waeleza maneno magumu kwa namba ya ukurasa, na kwa maana iliyokusudiwa pale? Je, kila dai juu ya mhusika au dhamira lina ushahidi wa mahali fulani katika kitabu, hata mwanafunzi aweze kwenda kulihakikisha na pengine kulikataa? Je, yamo maswali yaliyoachwa bila majibu? Mwongozo wenye mambo hayo matatu una thamani, na wapo waandishi wanaoandika hivyo, ingawa soko haliwatofautishi na wenzao. Usio na hata moja haufai kuingia nyumbani, kwa sababu bei yake si ile iliyoandikwa nyuma ya jalada. Bei yake ni usomaji ambao mtoto hataufanya tena. Riwaya husomwa mara ya kwanza mara moja tu. Aliyeambiwa mwisho wake na maana yake kabla ya kuifungua hawezi kurudishiwa mara hiyo.

Hata hivyo shauri kwa mnunuzi halitoshi. Wataalamu wa fasihi katika vyuo vikuu wamezoea kuidharau rafu ile ya pili, na kwa kuidharau wameiacha mikononi mwa soko. Wanaandikiana wao kwa wao juu ya nadharia, huku mamilioni ya wasomaji vijana wakifunzwa uhakiki na yeyote aliyewahi kufika kwa mchapaji. Kazi ya kuandika sherehe za vitabu teule, zenye kueleza lugha kwa uangalifu, zenye kusimulia mandhari na historia ambayo msomaji wa mbali hawezi kuijua, na zenye kunyamaza pale ambapo kitabu chenyewe chapaswa kusema, si kazi duni. Ni kazi ya mwanazuoni, na pengine ni ngumu kuliko makala ya jarida, maana humtaka mjuzi ajue wapi anyamaze. Nao watahini wana sehemu yao: waulize maswali ambayo mtu aliyesoma kitabu atayajibu vizuri kuliko mtu aliyekariri juu yake.

Yakifanyika hayo mawili, rafu ya pili haitatoweka, wala haina haja ya kutoweka. Itarudi mahali pake, kando ya rafu ya kwanza na nyuma yake kidogo, kama mtu aongozaye mgeni hadi mlangoni, akabisha hodi kwa niaba yake, kisha akarudi zake.